Dawa, Sumu na Mdudu: Uhakiki wa Istilahi za Viuatilifu Katika Kitui na Makueni

Katika mijadala yetu ya istilahi tumezoea kuuliza kama neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha. Swali jingine, yaani neno hilo linamwelekeza msikilizaji atende nini, huulizwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kuliuliza kuhusu kundi dogo la maneno: yale yanayotaja vitu vya kuulia wadudu, magugu, panya na kuvu. Mahali pa kulipima ni Kitui na Makueni, nchi ya ukame ambamo mkulima hutegemea mahindi, ndengu, kunde na mbaazi, na ambamo kilichovunwa hapana budi kihifadhiwe vyema mpaka mvua nyingine.

Tuanze na neno linalotumika. Mkulima wa huko haendi dukani kununua kiuatilifu. Hununua dawa: dawa ya wadudu, dawa ya magugu, dawa ya kupe, dawa ya panya. Mashamba "hupigwa dawa" na mahindi "hutiwa dawa". Hata Kikamba kimelichukua neno hili, kikasema ndawa. Asili yake haina kosa lolote. Tangu zamani dawa katika Kiswahili si ya kuponya tu, kwani kuna dawa ya viatu na dawa ya meno, na mganga naye ana zake. Dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kuleta badiliko linalotakiwa. Lakini mtu yule yule humpa mtoto wake dawa ya homa, na akilini mwake dawa ni kitu chema ambacho kikizidi kidogo hakidhuru sana, pengine kitaharakisha nafuu. Neno la namna hii likiwekwa juu ya unga wa kuchanganya na mahindi ya kuliwa, linaficha jambo kuu kuliko yote, nalo ni kwamba kilichomo ni sumu.

Wataalamu wa istilahi waliliona tatizo hili, wakaunda mfululizo wa kiua-: kiuatilifu kwa jumla, kisha kiuawadudu, kiuagugu, kiuakuvu. Tanzania imeupokea mfululizo huo kwa moyo mkunjufu, hata ikaunda kwa sheria ya mwaka 2020 Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 1982, iliunda bodi ambayo jina lake la Kiingereza husema tu "bidhaa za kudhibiti visumbufu", jina la adabu nyingi lisilotaja kuua wala sumu.

Kimuundo, sina ugomvi mkubwa na kiua-. Ni nakala ya Kiingereza, ambacho nacho kiliunda neno lake kwa mizizi ya Kilatini yenye maana ya tauni na kuua. Nina shaka kidogo na kiuatilifu chenyewe. Tilifu ni kuharibu au kuharibika, si mharibifu. Na kwa sikio lisilozoea, neno hili hukaribia mno timilifu. Ila maneno mengi mazuri yalianza yakiwa mageni.

Shaka yangu kubwa ni nyingine. Kiambishi hicho hicho ndicho kilichounda kiuavijasumu, kitu ambacho mgonjwa huandikiwa na daktari akimeze mara tatu kwa siku. Basi kiuavijasumu humezwa na kiuatilifu hakimezwi, na katika umbo la maneno hakuna cha kumwonya mtu. Kiua- hutaja kinachouawa kisitaje kinachoua. Tumeliacha neno dawa kwa sababu linaficha sumu, tukaweka mahali pake neno linaloificha vilevile, tena lisiloeleweka.

Upande wa pili ni neno mdudu. "Dawa ya wadudu" imepanuka hata ikawa jina la jumla la kinga zote za shamba na ghala. Lakini panya si mdudu, kwelea anayekula mtama si mdudu, wala kuvu si mdudu. Hapa ndipo neno linapogusa uhai. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu ikaota ndani yake. Sisemi kwamba watu hao waliuawa na istilahi. Nasema kwamba unga wa kuulia fukusi na dumuzi hauui kuvu, wala hauondoi sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha katika punje. Na kwamba mtu aliyeambiwa mahindi yake "yametiwa dawa" ana haki, kwa mujibu wa lugha aliyopewa, kuamini kuwa yamekingwa. Kinachozuia kuvu ni kuyakausha vizuri kabla ya kuyaweka. Jambo hilo halimo katika neno dawa, wala katika kiua-. Kadhalika haumo mfuko usiopitisha hewa, unaowamaliza wadudu kwa kuwanyima pumzi bila sumu yoyote, wala haumo mtego wa inzi wa maembe unaotumika katika mashamba ya Makueni. Kwa haya tuna visumbufu na udhibiti, maneno mapana yaliyo tayari, na ni ajabu kwamba hayasikiki zaidi.

Je, turudi kwenye sumu? Wengi wetu tutajibu ndiyo haraka, na hapo sarufi itatutega. Sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka. Sumu ya panya humwendea panya. Kihusishi -a hakitofautishi mtoaji na mlengwa. Tukisema sumu ya kuvu kwa maana ya kiuakuvu, tutagongana moja kwa moja na sumukuvu, ambayo ni sumu itokayo kwa kuvu yenyewe. Katika Makueni mgongano huo si mchezo wa darasani.

Njia ya kutoka imo katika kauli ya kutendea: sumu ya kuulia wadudu, sumu ya kuulia kuvu, sumu ya kuulia magugu. Kitenzi -ulia huonyesha kazi ya chombo, nacho hakiachi nafasi ya kuuliza nani anamtoa nani. Nitaambiwa kwamba huu ni ufafanuzi, si istilahi, na kwamba kamusi hutaka neno moja. Kamusi na ibaki na kiuakuvu kwa ajili ya maabara na mitihani. Kibandiko cha kopo kinasomwa na mtu aliyeshika kopo mkononi, pengine kwa sauti, akimsomea mwenziwe asiyejua kusoma. Wafanyabiashara hawatalipenda neno sumu. Lakini mabaraza ya lugha hayakuundwa kuwafurahisha wafanyabiashara, na rangi nyekundu iliyopo kwenye baadhi ya makopo hayo tayari inalisema neno hilo kwa anayejua kusoma rangi.