Mhuri wa Loitokitok

Stempu iliyogandamana na bahasha haibanduliwi kwa kucha. Mzee ninayemtembelea Illasit, karani wa posta aliyestaafu zamani, huikata kona ya bahasha akiacha ukingo mpana pande zote, akakilaza kipande hicho juu ya maji vuguvugu kwenye beseni, picha ikitazama juu, kisha akakaa. Haigusi. Gundi ikishalegea, stempu hujitenga yenyewe na karatasi, na hapo ndipo anapopitisha kibano chenye ncha bapa chini yake, akaiinua ikidondosha maji na kuilaza kifudifudi juu ya gazeti. Siku ya pili utaikuta chini ya Biblia na vitabu viwili vya hesabu, imenyooka, meno yake yote yamo. Barabarani mikokoteni ya vitunguu inapita kwenda sokoni, pikipiki zinavuka mpaka kwenda Tarakea, Tanzania, na kurudi, na Kilimanjaro nzima iko wazi nyuma ya mabati. Asubuhi ile aliinua uso mara moja tu. "Hiyo ya zambarau haitiwi maji, mwanangu."

Wachapaji wa enzi ya ukoloni walitumia kwa makusudi wino wa zambarau na wa kijani unaoyeyuka, ili mtu asiweze kuosha mhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Ulaghai ukazuiwa, na leo, miaka mia moja baadaye, mkusanyaji asiyejua huiacha rangi yote ndani ya beseni. Maji yanayoiponya stempu moja yanaiua nyingine. Kujua ipi ni ipi kabla ya kutia kidole ndiyo kazi yenyewe, na sijaona mahali inapofundishwa isipokuwa ubavuni mwa anayeijua.

Mimi nimerudi kwenye stempu ukubwani, baada ya miaka ya kazi, nyumba na karo. Nilizianza nikiwa mtoto wa shule ya msingi huku huku chini ya mlima, wakati ambapo dunia ilikuwa ikija Loitokitok kwa barua. Jioni watu wazima walisikiliza idhaa za Kiswahili kutoka ng'ambo, na sisi watoto tulichukua anwani. Ukiandika Cologne, Moscow au Beijing kuomba kalenda au ratiba ya vipindi, walikujibu. Jibu lilikaa njiani hata ukasahau kwamba uliandika, kisha asubuhi moja jina lako likasomwa paredi na mwalimu wa zamu, bahasha ikiwa mkononi mwake. Hakuna sifa niliyopata shuleni iliyofikia ile ya kuitwa mbele ya shule nzima kupokea barua kutoka Ujerumani. Kabla hujarudi mstarini wenzako walikuwa wameshakuzunguka, na hakuna aliyeuliza barua inasema nini. Waliuliza: stempu utampa nani?

Tulizipata pia kwa njia nyingine. Jirani yetu mmoja alikuwa mpishi katika shule ya Outward Bound ya Loitokitok, ile ya kufundisha vijana kupanda mlima, na walimu wa kigeni walimwachia bahasha zao badala ya kuzitupa jaani. Kwake tulikutana na kichwa cha Malkia bila jina lolote la nchi, na mwalimu wa jiografia akatueleza kwamba Waingereza ndio waliotangulia kutoa stempu, mwaka 1840, wakaona hapana haja ya kujitambulisha. Hata leo hawajitambulishi. Kwake tulikutana na Magyar Posta na Helvetia, nchi ambazo hatukuziona kwenye ramani yoyote mpaka mwalimu huyo alipotuonyesha Hungaria na Uswisi. Shule ilikuwa na atlasi moja. Tuliifungua mpaka kurasa za Ulaya zikachomoka, nasi tukazirudisha kwa uzi. Roketi za CCCP, maua ya Poland, sura za wafalme na marais tusiowajua: vyote vilikaa katika daftari la kurasa 96, kila stempu imeshikizwa kwa kipande cha karatasi nyembamba ya barua za ndege, kilichokunjwa ili uweze kuinua na kutazama mgongo.

Katika maisha ya mtoto wa mpakani, mambo mengi makubwa huwa yako mbali. Stempu zilikuwa zimetoka mbali na bado ziliguswa. Mtu wa Budapest ameilamba hii, tuliambiana, na tulikuwa wakweli kabisa.

Wapo wanaonishauri sasa nichague nchi moja, kwa sababu dunia nzima haikusanyiki na hakuna aliyewahi kuimaliza. Nawaelewa. Lakini nilianza na dunia, nami nataka kurudi mahali nilipoishia. Isitoshe, hata nyumbani petu hapaeleweki bila dunia. Mtu aliyeketi Illasit na albamu magotini anaweza kuusoma mlima ulio mbele yake kwa stempu tu. Kilimanjaro ipo kwenye mfululizo wa mwaka 1935 wa Kenya, Uganda na Tanganyika, Mfalme George V akiwa ndani ya fremu ile ile na theluji. Ipo tena kwenye stempu za uhuru za Tanganyika za 1961, mwenge ukiwaka juu ya kilele. Ipo kwenye stempu za kwanza za kawaida za Tanzania, za 1965. Mlima haukusogea, wenye mlima ndio waliobadilika, na kila mara posta iliandika.

Mara nyingine posta iliandika kwa haraka, na haraka hizo ndizo zinazompendeza mzee wangu. Mombasa mwaka 1891, kampuni ya Waingereza ilipoishiwa na stempu za thamani ndogo, maofisa wake walichukua kalamu wakaandika thamani mpya kwa mkono juu ya zile zilizobaki, wakatia herufi za majina yao. Unguja, Januari 1964, makarani waligonga "JAMHURI 1964" kwa mhuri wa mkono juu ya stempu za usultani uliokuwa umetoka tu kupinduliwa. Oktoba mwaka huo huo zikatoka stempu za Olimpiki ya Tokyo zilizoandikwa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na mwezi haukuisha kabla muungano wa hizo mbili za mwisho haujaitwa Tanzania. Vitabu vya historia vina sura nzima juu ya mambo haya. Mimi naamini zaidi kipande cha karatasi ambacho wino wake uligongwa na mkono wa karani asiyejua kesho atafanya kazi chini ya nani.

Na uangalifu ulikuwepo, uangalifu ambao leo ni adimu. Mwaka 1971 Kenya ilitoa stempu za makombe na makoa ya bahari, zilizochorwa na Rena Fennessy, yule yule aliyechora wanyama wa 1966. Kwangu hakuna mfululizo mzuri kuushinda huo katika Afrika Mashariki yote. Zilipotoka, mbili zilikuwa na kasoro katika majina ya kisayansi. Kwenye ile ya senti 70 neno pompilius lilikuwa limeandikwa pompileus. Herufi moja, katika maandishi ambayo mtu huyasoma kwa kioo cha kukuzia, juu ya karatasi itakayochafuliwa na mhuri na kutupwa. Mwaka 1974 stempu zote mbili zilichapwa upya na majina yamenyooshwa. Nalikumbuka tukio hili kila ninapoona bango la serikali lenye makosa matatu ya tahajia likining'inia barabarani mwaka wa pili.

Mzee ana zote nne, zilizokosewa na zilizosahihishwa, ukurasa mmoja. Ana pia ile ya madini ya 1977 inayoonyesha trona, magadi ghafi, ambayo sisi wa Kajiado tunaifahamu kutoka Ziwa Magadi. Kipimo chake cha meno ni kipande cha kadi kilichochakaa, cha kuhesabia matundu yaliyo ndani ya sentimita 2 za ukingo, na kwa kadi hiyo ameniketisha mchana kutwa tukitenganisha stempu za George VI ambazo machoni ni moja lakini matundu yake yanazigawa makundi, kila kundi na mwaka wake. Kijana wa kwake alitupita akauliza zinauzwa shilingi ngapi. Mzee akamjibu bei, kwa upole, na akaendelea kuhesabu.

Kwa miaka nilidhani tuko wawili. Kumbe Kitengela wapo wengine: mwalimu, muuguzi wa zamu za usiku, dereva wa malori ya Namanga, mama mwenye duka la vitambaa aliyerithi albamu za baba yake, na msichana wa kidato cha tatu asiyetaka kitu kingine ila vipepeo. Tunakutana Jumamosi kwenye mkahawa, meza mbili zimeunganishwa, na chai haisogezwi karibu mpaka albamu zifungwe. Kila mmoja huleta bahasha ya nakala za ziada, na tunabadilishana stempu kwa stempu, bila pesa. Mtu akikosa cha kutoa, hupewa tu, naye siku nyingine atatoa. Dereva anajua Posta za mpakani kuliko mtu yeyote ninayemjua. Msichana wa vipepeo ndiye aliyetufundisha kwamba stempu za siku hizi zenye gundi ya kubandua hazilowekwi kama za zamani. Gundi yake haisikii maji, na ukilazimisha unachana. Uingereza kuna chama kizima, East Africa Study Circle, cha watu wanaosoma stempu na mihuri ya kwetu kwa bidii ya wanazuoni. Inanifurahisha kwamba wapo, na inaniuma kwamba kijana wa Kajiado akitaka kujua historia ya posta ya Kajiado, huenda akalazimika kuwauliza wao.

Kwa maana stempu yenyewe, nimekuja kuona, ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni mhuri. Stempu ilichapwa kwa mamilioni na haijui ilikwenda wapi. Mhuri wa duara, wenye jina la mji na tarehe, ndio unaosema kwamba siku fulani, Loitokitok, mtu alisimama kaunta na alikuwa na la kumwambia mwenzake. Miji mikubwa ina majengo na magazeti ya kuikumbuka. Miji midogo kama yetu ina mihuri. Ndiyo maana mzee hukata bahasha zile tu ambazo mhuri wake umefifia au umegongwa ovyo. Mhuri ukiwa na jina linalosomeka, bahasha hubaki nzima, na anwani yake, na mikunjo yake, hata na doa la chai.

Mihuri hiyo haizaliwi tena. Pesa za karo zilizokuwa zikienda kwa mani oda zinakwenda kwa M-Pesa tangu 2007, na sitaki mama yeyote arudi kwenye foleni ile. Kifurushi kinapewa kondakta wa matatu na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu nene. Barua ya benki inafika ikiwa na dirisha la plastiki na alama nyekundu ya mashine. Anwani tunazo bado, 00209 kwa Loitokitok, 00242 kwa Kitengela, lakini tunazijaza kwenye fomu tu. Na stempu zenyewe zimegeuka: nchi zetu jirani zimetoa kwa miaka, kupitia mawakala wa ng'ambo, stempu za wanamuziki na waigizaji wa Marekani zilizokusudiwa kwenda moja kwa moja kwenye albamu za wageni. Hazikubeba barua ya mtu. Ninazo baadhi, kwa sababu nakusanya dunia nzima, lakini sizifungui mara nyingi.

Basi kundi letu limejipa kazi moja. Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kabla ya mpaka kufungwa, stempu moja yenye majina ya nchi zote tatu ilitumika pande zote. Ungeinunua Loitokitok na kuibandika Tarakea. Illasit na Tarakea ni mwendo wa miguu, na kuna familia zilizokuwa na ndugu ng'ambo ya mstari ule miaka yote hiyo ya kufungwa. Tunatafuta bahasha iliyotumwa wakati huo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mihuri ya nyuma yake ingetuambia ilipita wapi: kama ilivuka hapa hapa, au ilipanda kwanza Nairobi na kuzunguka nchi mbili ili kufika kwa jirani. Mzee alikuwa kaunta baadhi ya miaka hiyo, na ana maoni yake, lakini yeye mwenyewe anasema maoni si bahasha. Tumeuliza Rombo pande zote mbili, tumeuliza Kimana, tumeuliza makanisani. Wengi walikuwa nazo, wakatupa walipohamia nyumba mpya. Wachache walituletea stempu, zimekatwa vizuri kabisa kwa mkasi, na mhuri umebaki kwenye kipande kilichotupwa.