"Kipaza Sauti": Neno Moja, Vyombo Vitatu

Katika kazi ya kusanifu istilahi, dosari kubwa kuliko ukosefu wa neno ni neno moja kubebeshwa dhana nyingi katika uwanja mmoja. Mfano ulio dhahiri ni kipaza sauti. Neno hili hutumiwa kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji, kwa chombo kinachoikuza, na pia kwa kile kinachoitoa nje.

Mkutanoni upungufu huo hausumbui. Tabu huanza pale mfasiri anapoeleza namna ya kuunganisha kompyuta na mtambo wa muziki ili kupata sauti bora. Akiandika, "Chomeka waya katika tundu la kipaza sauti", msomaji afanyeje? Tundu la maikrofoni hutarajia milivolti chache tu. Likiletewa nguvu itokayo kwenye kompyuta, sauti hukwaruza. Waya ukiunganishwa penye njia ya spika, nguvu ya mtambo yaweza kuiunguza kompyuta. Hapa istilahi mbovu humtia mtu hasara.

Mafundi redio wa Buguruni, wilayani Ilala, wamekwisha kuvitenga vyombo hivyo: maiki, amplifaya na spika. Hata hivyo, hatusemi kwamba kila neno la karakana lipokewe bila kupimwa. Sabufa, kwa mfano, ni spika ya sauti nzito, lakini mitaani limekuwa jina la mtambo mzima.

Wako wanaohofu kwamba spika litachanganywa na Spika wa Bunge. Hoja hiyo hatuikubali, kwani upatanisho wa kisarufi huzitenga dhana hizo: Spika amewasili, spika imeharibika. Wengine hupendekeza kikuza sauti badala ya amplifaya. Ni neno zuri, lakini liko karibu mno na kipaza sauti kwa umbo na kwa maana.

Kwa hiyo twapendekeza kipaza sauti libakie kwa maikrofoni, kama wananchi wengi walivyozoea, na amplifaya na spika yatumike kwa vyombo vile viwili vingine. Maelezo yatasomeka hivi: "Chomeka ncha moja katika tundu la kijani la kompyuta, ncha nyekundu na nyeupe zichomeke katika matundu ya kuingizia sauti ya amplifaya, nyekundu kulia, nyeupe kushoto."

Walimu na wafasiri wayajaribu maelezo haya kwa waya na mtambo, kisha watuletee maoni yao.