Kuipima Baiskeli ya Gia katika Arua na Koboko

Baiskeli ya mlimani, yaani ile yenye tairi pana za meno, usukani ulionyooka na gia kadhaa, ilipata umbo lake California, Marekani, katika miaka ya 1970, lakini thamani yake hutegemea mahali inapoendeshwa. Katika Arua na Koboko, nchini Uganda, ambako pembeni mwa barabara ya lami itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, kuna vijia vingi vya udongo mwekundu viletavyo utelezi wakati wa mvua, baiskeli bora ni ile ambayo fundi wa karibu anaweza kuitengeneza na mwenyewe anaweza kuigeuza apendavyo.

Mnunuzi stadi huanza na fremu, yaani kiunzi cha mabomba, akichunguza hasa pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani, kwa sababu rangi iliyokunjamana au kupasuka hapo ni dalili kwamba baiskeli imewahi kugonga kitu. Sumaku ndogo humjulisha aina ya metali: hushika chuma, haishiki alumini. Alumini ni nyepesi na haipatwi na kutu kama chuma, lakini ikivunjika huhitaji uchomeleaji wa kitaalamu, ilhali fremu ya chuma huungwa na mchomeleaji wa kawaida. Kwa hiyo uzito wa ziada wa chuma ni gharama inayostahili kulipwa.

Magurudumu yanadai uangalifu zaidi, kwani hapo ndipo namba zinapodanganya. Tairi ya baiskeli ya mlimani iliyoandikwa 26 hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559, ilhali ile ya inchi 26 kwa 1 3/8 huhitaji milimita 590, na wala hazibadilishani. Mnyororo nao hupimwa kwa rula: vipande 24 vya mnyororo mpya huwa na urefu wa inchi 12 kamili, na vikizidi hapo kwa 1/16 ya inchi au zaidi, mnyororo umechakaa na bei ishuke.

Shoki, yaani springi za kupunguza mitikiso, hasa za nyuma, ni pambo la ghali katika baiskeli za bei nafuu: huongeza uzito, hulegea mapema, na hazimwachii fundi nafasi ya kufunga keria imara ya mizigo. Hapa ndipo hoja ya thamani na hoja ya upekee zinapokutana, kwa kuwa fremu ya pembetatu isiyo na shoki, ingawa dukani haivutii macho, hupokea keria ya kuchomelewa, madigadi ya mpira yenye jina la mwenyewe, na rangi yoyote aitakayo.

Rangi hiyo, hata hivyo, ipakwe baada ya kununua. Baiskeli ya mtumba iliyopakwa rangi mpya na muuzaji inaweza kuficha ufa au kutu, na namba ya utambulisho iliyogongwa chini ya fremu, karibu na ekseli ya pedali, ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, mnunuzi na aiache baiskeli hiyo hapohapo, kwani huenda ni ya wizi, hata kama bei ni ya kutamanisha.