Mpelelezi Mwenye Kwao

Mystery Road: Origin, tamthilia ya Australia ya mwaka 2022, ina vipindi sita tu, na katika vyote nilikuwa naiwaza barabara ya Makambako kwenda Njombe. Si kwa mandhari. Jardine, mji wa kubuni wa machimbo, ni vumbi jekundu na jua kali. Kwetu ni ukungu, misindano na magunia ya viazi kando ya lami. Kinachofanana ni tatizo la Jay Swan. Mwaka 1999 kijana huyu, Mwaborijini, anapangiwa kazi ya upolisi katika mji wa kwao, ambako baba yake na ndugu yake bado wanaishi. Kila anayetaka kumhoji anamjua tangu utotoni. Mark Coles Smith anaigiza hilo kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kuna kazi kuliko maneno ya wenzake wote.

Wapelelezi wetu hawana mzigo huo. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ni watu wa mjini, na mjini hakuna anayewauliza ni watoto wa nani. Hata Crime and Justice ya Kenya, iliyoanza mwaka 2021, inampa Makena (Sarah Hassan) jiji la Nairobi na kesi mpya karibu kila kipindi. Naipenda, Makena na Silas wa Alfred Munyua wanagombana vizuri. Lakini shahidi akishasema lake, kipindi kinachofuata hayupo.

Njombe shahidi haendi popote. Utakutana naye sokoni, kanisani, msibani.

Mwanzoni mwa 2019 mkoa huu ulitajwa hadi nje ya nchi kwa mauaji ya watoto yaliyohusishwa na ushirikina. Kesi ya namna hiyo haifunguki kwa kukimbizana na magari. Anayejua jambo ni jirani, na jirani ni shangazi wa mtu. Askari aliyetoka mkoa mwingine huandika maelezo kwa Kiswahili, naye bibi aliyezoea Kibena humpa Kiswahili kifupi, cha heshima, kisicho na kitu ndani. Yaliyobaki huyasema kwa Kibena mgeni akishaondoka. Mwandishi wa tamthilia akilikosa hili, hata amlete mpelelezi hodari namna gani, atakuwa ameandika Dar es Salaam yenye baridi.

Makambako ingemfaa mwandishi huyo kuanzia. Ni njia panda: TAZARA inapita, barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita, na ya Songea inachepukia hapo kupitia Njombe. Mhalifu anaweza kuwa ameshuka saa nane usiku na kupanda lori jingine saa tisa. Watu wangependa sana iwe hivyo, awe mpita njia. Jardine nao wangependa.

Mimi ningempa kesi binti wa Kibena, miaka ishirini na sita, aliyehamishiwa nyumbani bila kuomba. Anaingia uani, anasema "kamwene", anaitikiwa. Anafungua daftari. Mzee anaweka chini kikombe cha ulanzi, anamtazama, anauliza: "Wewe si mjukuu wa yule aliyetuuzia shamba?" Shamba lenyewe ndilo lililokutwa maiti. Aliandike swali hilo kwenye maelezo, au alifunge daftari kwanza?