Nani Yumo Ndani ya Seva Yako?

Seva ya uchambuzi huu ni laptopu ya zamani iliyowekewa Ubuntu Server, inayotunza picha za familia na nakala za nyaraka. Mwenye nayo hutaka kuingia humo akiwa kazini au safarini, na njia yake ni SSH, itifaki aliyoibuni Tatu Ylönen mwaka 1995 huko Ufini baada ya wadukuzi kunasa nywila zilizokuwa zikipita bila kufichwa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Itifaki yenyewe ni imara. Matatizo mengi ya nyumbani hutoka kwenye mipangilio iliyoachwa nusu.

Kazi ilianza kwa kuachana na nywila. Amri ya ssh-keygen ilitengeneza jozi ya funguo za aina ya ed25519, ule wa siri ukawekewa nywila yake, na ule wa umma ukapelekwa kwenye faili la authorized_keys la seva. Kisha ndani ya faili la mipangilio la sshd_config ikaandikwa PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no. Wengi huishia hapo, lakini jaribio la kuingia kwa nywila bado lilikubaliwa! Sababu yake kila mwenye Ubuntu anafaa kuijua. Programu ya sshd, inayopokea miunganisho ya SSH kwenye seva, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na karibu na mwanzo wa sshd_config kuna mstari unaoita mafaili ya saraka ya sshd_config.d. Humo mlikuwa na 50-cloud-init.conf, lililowekwa wakati wa usakinishaji, likisema PasswordAuthentication yes. Lilirekebishwa, kisha ikaendeshwa sudo sshd -T, amri inayoonyesha thamani ambazo sshd itazitumia kweli. Usiamini ulichoandika mpaka amri hiyo ikuthibitishie.

Kabla ya kuwasha huduma upya, sshd -t ilikagua makosa ya uandishi. Kikao kilichokuwapo kikaachwa wazi, na kipya kikajaribiwa kwenye dirisha jingine, maana kuwasha sshd upya hakukati vikao vilivyokwisha kufunguliwa.

Sifa hiyohiyo inayomwokoa mwenye seva humnufaisha mwizi pia. Tuseme kompyuta yako ya mkononi imeibiwa, nawe umekimbilia kufuta ufunguo wake kwenye authorized_keys. Umezuia kuingia upya tu. Kubadilisha kitasa hakumtoi mtu aliyekwisha kuketi sebuleni. Inabidi uandike loginctl list-sessions, utazame kila kikao ni cha nani, kisha ukate usichokitambua kwa loginctl terminate-session na namba yake. Baada ya hapo pitia tmux ls, crontab, na authorized_keys yenyewe, kwa sababu aliyeingia mara moja anaweza kuwa ameacha ufunguo wake mwenyewe.

Kuna vikao vinavyobaki vikining'inia mtandao unapokatika. Ndani ya sshd_config, ClientAliveInterval 60 na ClientAliveCountMax 3 hufunga baada ya kama dakika 3 kikao ambacho upande wa pili haujibu tena, na kazi iliyoanzishwa ndani ya tmux huendelea bila kudhurika. Lakini mipangilio hiyo haifungi kikao kilichoachwa wazi kwenye kompyuta iliyo hewani. Kwa hilo ipo TMOUT ya bash: ukiipa 1800, ganda lililokaa dakika 30 bila amri hujifunga.

Mwisho ulikuwa uamuzi wa kutofungua poti 22 ya SSH kwenye ruta kabisa, na naona ndio uliokuwa bora kuliko yote. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri uliolenga sshd. Alianza kushuku alipoona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Mlango wa namna hiyo hauzuiwi na ufunguo wa ed25519. Kwa hiyo SSH ya seva hii hufikiwa kupitia VPN ya WireGuard tu, iliyomo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na ambayo haimjibu chochote asiye na ufunguo.

Kama una seva nyumbani, ingia leo, andika loginctl list-sessions, na usitoke mpaka uweze kueleza kila mstari unaouona.