Watoto wa Majisifu na Andalio la Somo

Makala haya yanahusu mambo mawili ambayo aghalabu hutenganishwa: uhakiki wa wahusika wenye ulemavu katika kitabu teule, na maandalizi ya mwalimu anayefundisha darasa lenye wanafunzi wa mahitaji mbalimbali. Tutarejelea riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 2012 na kutahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa baadaye. Dai letu ni kwamba mwalimu asiyemtengea nafasi mwanafunzi mwenye ulemavu katika andalio la somo ataponyokwa pia na mhusika mwenye ulemavu kitabuni.

Tuanze na riwaya. Nyumbani kwa Mwalimu Majisifu na mkewe Dora mna watoto wenye ulemavu, na Imani anapoajiriwa humo ndiye anayewatunza. Katika ufundishaji wetu, sehemu hii huchambuliwa kwa namna ile ile: Majisifu hawajibiki, Dora amelemewa, Imani ana utu. Kisha "ulemavu" huorodheshwa miongoni mwa maudhui na somo likaendelea. Majibu hayo si makosa, na mtahini atayatuza. Hata hivyo, yote yanawahusu watu wazima. Watoto wenyewe wamefanywa wahusika wajenzi, kazi yao ikiwa kuzijenga sifa za wengine. Msomaji hukumbuka yaliyosemwa juu yao kuliko waliyoyasema wao.

Mhakiki makini atauliza zaidi. Majisifu ndiye aliyeuchapisha mswada wa Amani kwa jina lake, na riwaya inamhukumu kwa kuinyakua kazi ya mwenzake. Je, katika nyumba ya mtu huyo, ni nani mwenye nafasi ya kujisimulia? Amani anaweza kudai mswada wake. Watoto wa Majisifu hawana cha kudai, kwani hawakupewa hata kalamu. Twaweza kuusoma ukimya huo kama kejeli ya mwandishi dhidi ya Majisifu, au kama upungufu wa riwaya yenyewe. Kila msimamo una hoja zake, na mtahiniwa anayeutetea mmojawapo kwa ushahidi kutoka kitabuni atakuwa amehakiki badala ya kuorodhesha.

Suala la pili ni lugha. Kiswahili kimeyaweka majina kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika umbo la KI-VI, ingawa upatanisho wa kisarufi huwa wa A-WA: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Maneno ya mwandishi hatuna ruhusa ya kuyabadilisha tunaponukuu dondoo, lakini maneno ya uhakiki ni yetu. Mtahiniwa aandike "mtoto mwenye ulemavu" katika maelezo yake, kisha aeleze athari ya istilahi aliyoitumia mhusika. Vivyo hivyo kwa methali. "Hujafa hujaumbika" hufundishwa kama onyo kwa anayecheka, na ni onyo jema. Lakini huyo anayeonywa ni asiye na ulemavu. Aliye nao, na ameketi dawati la mbele, anaambiwa nini? Methali hii inamtaja kama jambo la kuogopwa. Mwalimu aliyemfikiria mapema atalifanya hilo kuwa swali la mjadala badala ya kulipita.

Hapa ndipo andalio la somo linapoingia. Kabla ya kuandika shabaha, mwalimu aisome sehemu atakayoifundisha akijiuliza: mwanafunzi anahitaji nini ili aifikie? Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu, au kusomewa sura nzima kabla ya kipindi. Riwaya moja ikiandikwa kwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa, kwa hiyo maandalizi yake yaanze muhula uliotangulia. Mwenye uoni hafifu anahitaji chapa kubwa na mahali pasipo na mng'aro wa dirisha ubaoni. Mwenye usikivu hafifu anahitaji kuuona uso wa mwalimu. Anayesoma dondoo huku ameligeukia ubao amemfungia mlango. Asomaye polepole, akiwemo mwenye disleksia, asaidiwe kwa kusimuliwa msuko kwanza, majina ya wahusika yaandikwe ubaoni, na aruhusiwe kutoa jibu kwa mdomo kabla ya kuliandika.

Izingatiwe kwamba misaada hii haipunguzi uzito wa swali. Wote waulizwe swali moja, mathalan: "Eleza jinsi ukimya wa watoto wa Majisifu unavyochangia maudhui ya unyang'anyi katika riwaya." Kinachotofautiana ni njia ya kulifikia. Kumpa mwanafunzi asiyeona kazi ya kutaja majina ya wahusika huku wenzake wakijadili kejeli ni kumrudisha katika nyumba ya Majisifu.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume cha hiyo. Baadhi yetu, kwa nia njema, humwomba mwanafunzi mwenye ulemavu "awaeleze wenzake" anavyojisikia. Hakuja shuleni kuwa nyenzo ya kufundishia. Akitaka kusema, atasema. Zoezi bora ni kulitaka darasa zima lisimulie upya tukio moja la nyumbani humo katika nafsi ya kwanza, kwa sauti ya mmoja wa watoto. Kila mwanafunzi atalazimika kuwaza kutoka pale walipo watoto hao, na hakuna atakayenyooshewa kidole.

Walimu watauliza: haya yatawezekanaje katika dakika arobaini, darasani mna wanafunzi hamsini? Ni kweli kwamba vitabu vya nukta nundu vinahitaji fedha na shule nyingi hazina. Lakini kuligeukia darasa, kuandika majina ubaoni na kusimulia kabla ya kusoma hakugharimu kitu ila mpangilio. Aidha, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za chapa kubwa kwa watahiniwa wanaozihitaji. Mtahiniwa ambaye hakuwahi kufanya zoezi la fasihi kwa njia hiyo atakuwa anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja katika chumba cha mtihani: karatasi na swali.

Kwa hivyo, tunapoandaa Karatasi ya Tatu, tusiyaweke maudhui ya ulemavu mwishoni mwa orodha. Tuyasome kwa makini yale yale tunayoyatumia kumsoma Mtemi Nasaba Bora, na tuhakikishe kwamba kila aliye darasani amelipata dondoo kabla hatujamuuliza muktadha wake.