Kupalia kwa Upepo: Namna ya Kukipima Chakula cha Vikapu Viwili

Ukipita Mlandege, mjini Unguja, alasiri, maduka ya vyombo yameshamwaga bidhaa mpaka barazani: masufuria yaliyopandana, feni, pasi, blenda, na siku hizi maboksi makubwa yenye picha ya chipsi na mapaja ya kuku. Ndani ya boksi mna kikaangio cha hewa, ambacho wauzaji wanakiita eafraya, na kinachosifiwa zaidi kwa mtu mwenye familia ni kile cha vikapu viwili. "Dada, hiki hakitaki mafuta. Huku samaki, huku chipsi, unabonyeza tu, unakwenda kuswali, ukirudi chakula tayari."

Nilikinunua kwa maneno hayo hayo. Usiku wa kwanza nikatoa vibua waliorowa na mbatata zilizokauka nje, ndani mbichi. Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa mkekani akingoja chakula, hakulalamika. Aliniambia nichomoe waya, akavuta kikapu, akainama kuchungulia tumbo la mashine. Akaona koili ya moto imejizungusha juu kabisa, na feni nyuma yake.

"Mwanangu," akasema, "hiki hakikaangi. Hiki kinapalia. Wewe umekipikia kama karai."

Tangu siku ile sijakosea sana, na nikimsikia mtu anakisifu au anakiponda chombo hiki, namuuliza kwanza anakipima kwa kipimo gani.

Moto wa juu

Aliyelelewa Unguja hahitaji kuelezwa kupalia. Sufuria inakaa juu ya seredani, bati juu ya sufuria, makaa juu ya bati. Wali unakauka punje punje, mkate wa kumimina unapata uso wake. Moto wa chini unaivisha. Moto wa juu unakausha na kutia rangi. Kampuni ya Philips ilipokionyesha kikaangio chake cha hewa Berlin mwaka 2010, tofauti yake na kupalia ilikuwa feni tu, inayouchukua moto wa juu na kuuzungusha kwa kasi ndani ya chumba kidogo. Cha vikapu viwili, kilichokuja miaka kama kumi baadaye, ni vyumba viwili vya namna hiyo, kila kimoja na moto wake.

Karai lina huruma. Mafuta yanabeba joto jingi, yanagusa kila pembe ya chakula, na kitu chenye maji kikitumbukizwa, maji yanafukuzwa kwa kishindo. Hewa haina nguvu hiyo. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100, na uso wa chakula hauanzi kugeuka kahawia mpaka upande kufikia kama 140. Maadamu uso umerowa, moto wote unaishia kwenye kazi ya kukausha, na chakula kinapikika kwa mvuke wake chenyewe. Kwa hiyo mpishi wa chombo hiki anahukumiwa kwa mambo mawili: aliukausha uso kabla ya kuuingiza, na aliuachia upepo nafasi ya kupita. Viungo, bei na idadi ya vitufe vinafuata nyuma.

Ukiwa dukani

Usihadaike na lita. Lita 7.6 zilizoandikwa kwenye boksi zimegawiwa vikapu viwili, na kinacholiwa hakipangwi kwa kina, kinapangwa kwa upana. Muombe muuzaji afungue boksi, kisha weka kiganja chako ndani ya kikapu. Kikilala chote, kuanzia ncha ya kidole cha kati mpaka kifundo, kibua aliyekatwa kichwa atalala pia. Ikibidi kukunja vidole, utakunja samaki.

Tazama sahani ya matundu inayokaa chini ya kikapu. Iwe imeinuka, ili upepo upite chini yake na mafuta yashuke. Isiyoinuka ni sinia yenye matundu.

Geuza mashine usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, na kibandiko kiseme 220 hadi 240. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, na bei yake nzuri inaisha siku unayoichomeka. Nyingi za vikapu viwili zinakula wati 2400 au zaidi, yaani zaidi ya ampea 10. Plagi yetu ya miguu mitatu, yenye fyuzi ya ampea 13, inahimili. Waya wa kuunganishia wa bei rahisi, wenye friji na televisheni juu yake, hauhimili: utaugusa na kuukuta wa moto. Kichomeke ukutani peke yake.

Kuhusu Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, nusu saa ya wati 2400 haiwezi kupita uniti 1.2, na kwa kawaida inakuwa chini ya hapo, kwa kuwa moto unajizima na kujiwasha wenyewe. Lakini seredani usiitupe. Mwaka ule ule wa 2010 Unguja ilitoka kwenye kiza cha miezi mitatu, kilichoanza Disemba 2009 ilipoharibika njia ya umeme unaotoka Bara. Waliokula vizuri miezi ile ni waliojua kupalia kwa makaa.

Kikapu cha kwanza: samaki

Chakula cha usiku ninachokitumia kukipima chombo na mpishi wake ni vibua na mbatata, pamoja na kachumbari na boflo. Ni chakula chepesi, na hakifichi kosa.

Kibua anapendwa na upepo kwa sababu ana mafuta yake. Anajipaka mwenyewe kadiri anavyopikika. Changu mdogo anafuata. Nguru wa vipande anakauka upesi, apakwe mafuta na atolewe mapema. Pweza mwachie sufuria. Upepo unamgeuza kuwa mpira.

Ukimchagua kwenye diko la Malindi, tazama jicho lililojaa na shavu jekundu, kisha mbonyeze ubavu: alama ya kidole isibaki. Nyumbani mchanje mara tatu kila ubavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tumezoea kumroweka samaki kwenye rojo la thomu, tangawizi, pilipili na ndimu mpaka aogelee. Kwa seredani ya wazi inafaa, kwa kuwa mvuke unakwenda zake. Ndani ya kikapu hauna pa kwenda haraka. Twanga viungo vikavu kadiri uwezavyo, vishindilie ndani ya michanjo na tumboni, kisha ifute ngozi kwa karatasi ya jikoni mpaka karatasi itoke kavu. Paka mafuta kwa ncha za vidole, kiasi cha kung'arisha tu. Chumvi ya nje iwe ya mwisho. Ndimu ingoje mezani.

Nyuzijoto 200, dakika 12 hadi 14 kwa kibua wa kiasi. Usimgeuze mapema. Ngozi iliyoiva inauachia wavu wenyewe. Ukilazimika kumbandua, hajawa tayari. Ngozi itakuwa imevimba vijipovu vikavu, na nyama iliyo karibu na uti itafunguka kwa uma bila kuvutwa. Mwenye kipimajoto atafute nyuzijoto 63 pale penye nyama nene.

Kikapu cha pili: mbatata

Kata vipande vya unene wa kidole gumba, vilingane. Viroweke kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, kisha vifute kwa kitambaa, na urudie kwa kitambaa cha pili. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinatosha nusu kilo. Muuzaji aliyesema hakitaki mafuta hata tone hajala alichopika: bila mafuta mbatata inatoka na ngozi ya karatasi.

Jaza kikapu nusu tu. Nyuzijoto 190, dakika 22 hadi 25, na utikise mara mbili. Tega sikio. Mtikiso wa kwanza unatoa sauti nzito, ya vitu vyenye maji vinavyoangukiana. Mtikiso wa mwisho unatakiwa usikike kama komwe zinazomwagwa kwenye bao. Sauti ile haidanganyi, hata kama taa ya jikoni ni hafifu.

Rangi iwe ya uso wa mkate wa kumimina. Ikikaribia rangi ya karafuu kavu umepitiliza, uchungu umeingia, na wanga uliochomwa kiasi hicho unazaa akrilamidi, kemikali ambayo wataalamu wa chakula wanashauri tuipunguze. Mbatata zilizokaa kwenye friji zinaungua upesi na kuizaa zaidi, kwa kuwa baridi inageuza wanga wake kuwa sukari. Ziache kapuni, penye kivuli.

Ukitaka muhogo, uchemshe kwanza mpaka uanze kupasuka, umwage maji, uuache upoe na ukauke. Ukiuingiza mbichi utatoa kuni.

Kitufe kisichojua chumvi

Mashine hizi zina kitufe cha kuvimalizisha vikapu vyote viwili kwa wakati mmoja. Unaweka samaki dakika 13, mbatata 24, na kikapu cha samaki kinangoja zamu yake. Ni kitufe kizuri, ila hakijui kwamba chumvi inatoa maji. Samaki aliyekwisha kutiwa chumvi, akingoja dakika 11 kwenye joto la jiko letu, anatoa jasho, na ule uso uliouhangaikia umerowa tena.

Kwa hiyo mimi nawasha mbatata peke yake. Zikishika dakika kumi nazitikisa, hapo ndipo natia chumvi vibua na kuwaingiza. Mashine nyingi zinagawana nguvu vikapu vyote viwili vinapofanya kazi, kwa hiyo mbatata zitadai dakika mbili tatu za ziada. Ukikipika kikapu kimoja kwa wakati, muda unapungua. Kitabu cha mashine hakikujui wewe wala mbatata zako. Vuta kikapu utazame.

Muda uliobaki ni wa kachumbari: kitunguu kilichokandwa kwa chumvi na kusuuzwa, nyanya, embe mbichi, pilipili. Dakika mbili za mwisho laza vipande vinene vya boflo juu ya mbatata. Viwe vinene kweli, kwa kuwa kitu chepesi kinapeperushwa mpaka kwenye koili. Karatasi isiyokandamizwa na chakula inaweza kushika moto kwa njia hiyo hiyo.

Kuisoma sahani

Kabla ya kuonja, tazama chini ya kikapu cha samaki. Mafuta machache maangavu ni ishara njema: kibua ameyayusha ya kwake. Maji meupe yaliyoganda kama utando yanasema aliingia akiwa amerowa, au alikaa kupita kiasi.

Geuza kipande cha mbatata. Juu kahawia na chini cheupe, kikapu kilijazwa, au mtu alitandika foili akaziba matundu. Ngumu nje na mbichi ndani, moto ulikuwa mkali kwa unene ule. Laini kotekote na mafuta kama yamenywewa, hazikufutwa.

Nusa mbatata. Vyumba ni viwili, kwa hiyo zisinuke samaki. Zikinuka, kikapu hicho kilipika samaki jana na koili haikufutwa. Moshi mweupe nao ni mafuta ya zamani yanayoungua.

Kisha shika samaki kwa mkono mmoja na mbatata kwa mwingine. Vikipishana joto, mpishi amepika vyakula viwili, hajapika chakula cha usiku. Mwenye kikapu kimoja ana udhuru. Wewe uliyelipia viwili huna.

Mapaja ya kuku yanafuata sheria hizo hizo, isipokuwa ndani yafike nyuzijoto 74, na ngozi ifutwe mara mbili.

Shangazi hutumia kipimo kifupi kuliko vyangu vyote. Huanza na mkia wa kibua. Akiuvunja na ukakatika kwa mlio, husema bismillahi akavuta sahani. Ukipinda, humrudisha samaki kikapuni bila kusema neno, akaendelea na kachumbari.